Ukurasa wa Jini Uko Mikumi

"Mia mbili, mama, na ukurasa wangu."

Muuza vitabu wa Magomeni, hapa Kilosa, alikuwa ameshika kijitabu cha tatu cha hadithi ya jini aliyeoa binti wa watu. Vijitabu hivyo hutukodishia kwa wiki, na anayechana hulipa.

Mama muuza vitunguu akafungua pindo la kanga, akaweka mia mbili mezani. "Hela hiyo. Ukurasa nimempa kondakta wa basi ampelekee mume wangu Mikumi."

"Wa nini?"

"Jini kamdanganya mkewe kijitabu kizima, hapo ndipo anapopiga magoti kumwomba radhi. Mwenzangu mwezi wa tatu huu hajarudi. Asome, ajifunze."

Nyuma yangu kwenye foleni mzee mmoja akauliza, "Na mke alimsamehe?"

"Imeandikwa upande wa pili," alijibu mama, akaenda zake.

Tulicheka, ila mimi kidogo tu, maana nilikuwa nimeshalipia kijitabu hichohicho. Jini yule ni mwongo, mpole na mwenye wivu, na ndiyo maana namwamini kuliko waungwana wa hadithi nyingine. Bwana uliyeko Mikumi, ya nyumbani kwako mtayamaliza wenyewe. Mimi nataka ukurasa.