Amplifaya ya Spika Nne

Fundi redio wa Nachingwea alituwekea mezani amplifaya mbili za gari, moja ya spika mbili, nyingine ya spika nne. Mimi niliitaka ndogo. Mke wangu akasema, "Chukua kubwa. Injini yako inanguruma kuliko wewe ukilala."

Tukafunga kubwa, tukaelekea Ruangwa. Nkowe tulizima injini tununue mihogo, muziki tukauacha. Watu wakaja na vigoda, wakidhani ni gari la sinema.

"Picha inaanza saa ngapi?" bibi mmoja aliuliza.

"Hakuna picha, bibi. Ni muziki tu."

"Basi ongeza sauti!"

Wakacheza mpaka betri ikafa. Ikabidi watusukume. Injini ilipowaka, mke wangu akawawekea wimbo mwingine.