Siku Were Alipomfupisha Samaki

"Mzungu wa kusema neno nisiloweza kulishusha kwa Kiswahili bado hajazaliwa, na mama yake bado hajaolewa."

Isaiah Were aliyasema haya mbele ya hoteli ya chai River Road, mwaka 1956, watu kama arobaini wakisikia. Hakuna aliyebisha. Kila Jumapili alisimama kando ya mhubiri Mzungu akigeuza mahubiri sentensi kwa sentensi, na waumini walikiri kwamba Mungu wa Were alikuwa na chumvi zaidi kuliko wa yule bwana.

Siku za kazi alikuwa tarishi wa ofisi, Government Road. Alilala Kariokor, vitanda vinne chumba kimoja. Mkewe Nanyama alikuwa yaya Kileleshwa, na chumba chake uani mumewe alikiingia kwa kuruka ua, kipande, kile cheti cha Mwafrika, mfukoni na viatu mkononi. Mimba ilipofika miezi saba, tajiri wake akamwambia Nanyama aondoke mwisho wa mwezi. Mama yake akaja na gari la moshi kutoka Bungoma.

"Mume wako akipata nyumba, utabaki," akamwambia bintiye. "Asipopata, mtoto atazaliwa kwangu na atakaa kwangu."

Nyumba ilikuwapo. Idara fulani ilitafuta mkalimani wa kuzunguka na wahadhiri, na kazi hiyo ilikuja na chumba cha familia, chenye mlango wa kufungwa. Waombaji walibaki wawili: Were, na Kivuva, Mkamba aliyekuwa mpishi Woodley. Mtihani ulikuwa Jumamosi mchana, katika ukumbi mmoja karibu na Ngong Road, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili picha zionekane ukutani. Mbele aliketi memsabu mtahini, mzaliwa wa Nakuru ambaye Kiswahili chake hakikuwa na pancha. Bwana wa hotuba ya kutafsiriwa alikuwa ametoka kwenye meli ya kuchunguza bahari.

Picha ya kwanza, Were aliiimba.

"Huyu samaki anakaa chini futi elfu sita, pahali jua halijawahi kufika hata kwa kupotea njia. Jike ana ufito kichwani kama wa ndoana, na kwa ncha kuna taa. Si ya mafuta. Ni vijidudu hai vinavyong'aa. Samaki wadogo wanakuja kuuliza taa ni ya nani. Meno yake yamelala kuelekea ndani: kuingia unaingia, kutoka hakuna. Na tumbo linatanuka mpaka anameza aliyemzidi ukubwa."

Watu wakaguna. Memsabu akaandika, akatabasamu.

Hapo mlango ukafunguka. Joash, wa kitanda cha pili Kariokor, kwa wema mtupu, alikuwa amemleta Nanyama na mama yake, ili mama mtu aone amepata mkwe wa namna gani. Akawaketisha benchi la pili.

Kwa Wabukusu, watu wa Nanyama, mtu na mama mkwe wake hawali pamoja, hawashikani mikono, na mambo ya chini ya kitovu hayatajwi wakiwa chini ya paa moja. Anayeyataja ametembea uchi.

Picha ya pili ilikuwa ya dume. Bwana akaongea dakika tano. Were akageukia ukuta.

"Dume ni mdogo," akasema.

Ukumbi ukangoja.

"Basi," akasema.

"Bwana Were," mtu akaita kutoka nyuma, "Kizungu yote hiyo imekuwa maneno matatu? Nyingine umeweka mfukoni?"

Memsabu hakucheka. "Ameeleza wanavyozaana, Isaiah."

"Nimesikia, Memsabu."

"Basi sema."

"Siwezi. Kuna mtu hapa."

"Kuna watu mia mbili hapa."

Were aliendelea kuutazama ukuta. Memsabu akafungua ukurasa mwingine. "Kivuva."

Kivuva, mama mkwe wake akiwa salama Machakos, alisema yote. Dume ni kama kidole. Humtafuta jike gizani kwa kunusa, akimpata humng'ata tumboni na hamwachi tena. Ngozi zinaungana, damu inakuwa moja, analishwa na damu ya mke. Macho yanapotea, matumbo yananyauka, zinabaki korodani tu, zikining'inia maisha yote.

"Huyo namjua," mtu akasema. "Analala Kileleshwa."

Benchi lake likacheka sana. Mama mkwe alikuwa ameshajifunika leso uso mzima.

Kivuva akapewa kazi, na ufunguo.

Nje, mama mkwe akasimama mbali, amempa Were mgongo. "Mwambie mume wako amenistahi," akamwambia Nanyama, kwa sauti ya kufika. "Wengi wangenivua nguo kwa ajili ya chumba." Akajifunga leso upya. "Sasa twende ufunge sanduku."

"Nanyama, ngoja kwanza," Were akasema. "Nitatafuta."

"Ningojee wapi, baba? Kwa kitanda chako, wanaume watatu wakisikia nikigeuka?"



Jumatatu aliwabebea sanduku hadi stesheni, hatua ishirini nyuma yao, kama inavyotakiwa. Mtoto alizaliwa Bungoma, msichana. Baba yake alimwona akiwa tayari anatembea, na mtoto akamkimbia. Tikiti ya daraja la tatu, Nairobi hadi Bungoma, ilikuwa shilingi kumi na nne, na tarishi huziweka polepole.