Msumari wa Bi Mwanaharusi

Hemedi aliendesha lori la Bi Mwanaharusi, Fuso, tangu barabara ya Utende ikiwa vumbi tupu, na lami ilipofika alikuwa ameshaota mvi. Alibeba saruji, nazi, mchanga, na safari moja bibi harusi na ngoma yake yote. Alipenda kusema kwamba hajawahi kukanyaga hata kuku. Kuku walikuwa wakilisikia lile gari kabla halijatokeza, kwa hiyo sioni kama ni jambo la kujisifia, lakini alijisifia na watu wakamwachia.

Bi Mwanaharusi alikuwa mjane mwenye malori mawili na sheria moja. Kwenye ukuta wa ofisi yake pale Kilindoni palikuwa na msumari wa kutundikia funguo, na dereva hakuruhusiwa kutundika kabla ya kusema. Kama trafiki amekusimamisha, useme ni wapi, kwa kosa gani na amekwambiaje. Faini zilizoingizwa kwenye mashine aliziona mwenyewe kwenye simu yake. Alichotaka hasa ni yale yasiyoandikwa, yaliyoishia kwa onyo na kucheka. "Trafiki akikusamehe wewe, gari halijapona," alikuwa akiwaambia. Anayesema hugombezwa, na gari likapelekwa kwa fundi. Anayeficha hana kazi. Madereva waliiita sheria hiyo toba ya msumari, na wakamcheka alipogeuza mgongo.

Hapa kisiwani sheria hiyo ni nzito kuliko inavyosikika. Trafiki wetu ni wachache, na kila mmoja ni mkwe au jirani wa mtu. Ukisema umesimamishwa ukaachiwa, umeshamtaja na aliyekuachia, maana hakuna asiyejua nani alikuwa barabarani siku hiyo. Na mtu aliyekusitiri, kwa adabu za huku, humwaniki mbele za watu. Hemedi alilelewa hivyo.

Siku moja trafiki aliyemsimamisha alikuwa Sudi, mume wa dada yake, Jamila. Sudi alilizunguka lori, akachutama kwenye gurudumu la nyuma, akainuka na vidole vimelowa mafuta.

"Shemeji, breki zinavuja."

"Nimelisikia tangu asubuhi. Nakanyaga mara mbili ndiyo linashika."

"Gari hili halifai kupakia. Nikikuandikia, litazuiwa." Sudi akatazama huku na huku, akajifuta mkono. "Nenda polepole ukalitengeneze. Na mimi hukuniona."

"Sikukuona, shemeji."

Jioni Bi Mwanaharusi akauliza kama alivyouliza kila jioni, "Kuna la kusema, Hemedi?"

"Hakuna, Bi mkubwa."

Akatundika funguo. Alikusudia kesho yake alipeleke lori kwa fundi kabla ya safari yoyote, bila mtu kujua. Namwamini kwamba alikusudia. Lakini boti za mzigo huingia kwa kufuata maji, na maji yalijaa mapema. Boti ya saruji ikaegeshwa kabla hakujapambazuka vizuri, wenye mzigo wakapiga simu, na Bi Mwanaharusi akamwita dereva wake wa pili, Mbaraka, aliyekaa karibu na bandari na ambaye lori lake lilikuwa kwa fundi. Mbaraka hakuuliza lolote. Gari ambalo funguo zake zimening'inia pale lilikuwa gari zima. Ndiyo maana ya ule msumari. Alizichukua akaenda kupakia.

Hemedi alifika ofisini na chupa ya mafuta ya breki mkononi, akaukuta msumari mtupu. Alisimama akiutazama, akajua kabla simu haijalia kuleta habari.

Njiani kwenda Utende, ng'ombe walikuwa wanavuka kati ya minazi. Mbaraka aliwakwepa, akakwepa na mwanamke aliyewaswaga, akaingia kwenye mnazi. Mifuko ya saruji ikamjia kwa nyuma. Lori lilipondeka mbele kiasi kwamba hakuna aliyeweza kusema breki zilikuwaje, na waliokuja kukagua wakasema ni mwendo. Sudi alikuwepo akiwazuia watu wasisogee. Hakusema kitu.

Kwa hiyo marehemu ndiye akawa mkosaji. Baada ya maziko msemaji mmoja alisimama msikitini akawaonya vijana wapunguze mwendo, ndugu yetu Mbaraka ametuachia funzo. Biubwa, mama yake Mbaraka, alikuwa nyuma ya pazia upande wa wanawake, akayasikia yote. Matangani walimpa pole, na wengine hawakuwa na haya ya kuongeza kwamba angekwenda taratibu angekuwa hai.

Hemedi alibeba jeneza. Chakula kilimshinda. Sudi alimfuata pembeni akamwambia, "Shemeji, maiti haumizwi na maneno. Mimi nina watoto wa dada yako." Yalikuwa maneno ya kweli, na Hemedi alimchukia kwa kuyasema, akajichukia yeye zaidi kwa kuwa alikuwa ameshayafikiria.

Matanga yalipokwisha alikwenda ofisini. Hakuwa na funguo za kurudisha, lakini alisimama palepale chini ya msumari akasema: wapi, kosa gani, aliambiwaje, na nani.

Bi Mwanaharusi aliutazama msumari.

"Ningekugombeza tu," alisema. "Ningekugombeza, na gari lingelala kwa fundi."

Hemedi alilia. Bi Mwanaharusi hakumbembeleza. Alimwambia sheria anaijua, aende, na kwamba polisi yeye mwenye gari ndiye atakayewaambia.

Kutoka hapo Hemedi alikwenda moja kwa moja kwa Biubwa. Alimkuta uani akikuna nazi, na kibao cha mbuzi kikiwa kimeelekea ukutani, kama mtu asiyetaka kuona wageni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, na safari hii yalimtoka kwa shida zaidi. Biubwa aliendelea kukuna mpaka kifuu kikabaki kitupu, akakiweka chini.

"Kwa hiyo hakuwa anakimbiza gari."

"Hakuwa, mama."

"Alikanyaga breki."

"Alikanyaga."

Hemedi alingoja laana. Angeipokea, hata angeshukuru. Biubwa alijifuta mikono, akaingia ndani, akatoka amejitanda buibui lake.

"Adhana ya alasiri imekaribia," alisema. "Nitakaa nyuma ya pazia, palepale nilipokaa siku ile. Wakimaliza kuswali usimame uwaambie, kwa sauti nikusikie."

Walitembea pamoja mpaka msikitini. Hemedi alivua viatu mlangoni akaingia. Safu ya mbele ilikuwa na nafasi moja tu, na aliyekaa kando ya nafasi hiyo, akisogea kumpisha shemeji yake, alikuwa Sudi.