Samli ya Mama Mkwe

Truphosa alikuwa amechoka kuliko reli yenyewe. Mwaka wa hamsini na nne tulikaa landhi moja, zile nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru, ukuta mmoja katikati, kwa hivyo haya niliyasikia mwenyewe. Mume wake Ogola alikuwa fayamani, mchochea moto wa treni, nyumbani alionekana kama mgeni. Asubuhi Truphosa alifua nguo za Mzungu kule Milimani, jioni akafua za mwanawe Awuor, msichana wa miaka minne ambaye kila alichokula kilimtoka kikiwa maji. Tumbo la mtoto liliunguruma hadi siku moja mshika bendera wa stesheni akainua bendera ya kijani, akidhani treni ya Kisumu imefika. Kama hamniamini kamuulizeni, ila alishakufa.

Dresa wa zahanati alimpima mtoto, akasema aachishwe maziwa na siagi. Truphosa akatii. Kile kipande cha siagi alichopewa na memsabu, mke wa yule Mzungu, kila Jumamosi akaniletea mimi, nami sikukataa. Lakini Awuor akazidi kukonda, mpaka ikawa gauni linatangulia na yeye analifuata nyuma.

Nikamuuliza Truphosa mboga anapika na nini.

"Na samli ya mama mkwe. Ile ya kibuyu."

"Na samli si ni siagi iliyochemshwa?"

Akanitazama kama mtu aliyeamshwa. "Siagi ni ya Wazungu," akasema polepole. "Samli ni yetu." Kisha akaketi juu ya karai la nguo mbichi, wala hakujali kulowa.

Sasa ikawa shida nyingine. Kwao mke hakatai kibuyu cha mama ya mume. Ni kama kusema mama huyo anaua watu. Na mama huyo alikuwa anakuja Ijumaa.

Siku zile chache Truphosa akapika na mafuta ya simsim aliyopewa na Kuluthum, jirani yetu wa kutoka pwani. Akasaga na simsim kwa jiwe, kama walivyofanya kwao, akampakia Awuor kwenye mkate mahali pa siagi. Mtoto akalamba mpaka kiwiko. Tumbo likanyamaza.

Ijumaa mama mkwe akafika, na kabla hajapumzika akainamisha kibuyu juu ya sufuria ya mboga. Mimi nilikuwa mlangoni nikiomba chumvi ambayo sikuihitaji. Truphosa akakishika kibuyu kwa mikono iliyochubuliwa na sabuni.

"Mama, usitie. Inamuumiza mtoto."

Mama mkwe akakiachia kibuyu, akaketi.

"Hata Ogola ilimharisha hivyo hivyo akiwa mdogo," akasema. "Watu walisema ni ziwa langu baya. Nikaficha aibu hiyo."

"Na miaka hii yote unatuletea, mama?"

"Mama mkwe aje mikono mitupu? Nawe ulikuwa unasema asante."

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akavuta jiwe la kusagia, akaulizia simsim iliko. Kibuyu wakanipa mimi, na huu unene mnaouona ulianzia hapo.

Truphosa aliegemea ukuta amsikilize akisaga. Alilala hapo hapo ameketi, mwiko mkononi, na mama mkwe akamlisha Awuor bila kumwamsha.