Mtoto Aliyemwita Mama Yake Ticha

Kwenye ploti ya nyumba za kupanga waliyokuwa wakiishi kule Mwihoko, kila mtu alimwita Ngendo "Ticha", hata wale waliokuwa rika la mama yake. Alikuwa akifundisha watoto wa PP1, yaani wa chekechea, katika shule ndogo ya kibinafsi nyuma ya soko, na ingawa hakuwa na zaidi ya cheti, jina hilo alilipenda. Lilianza kumchoma siku binti yake Waruguru naye alipomwita hivyo.

Jioni hiyo Ngendo alikuja kumchukua kwa jirani. Mtoto alichungulia mlangoni, akamwona, akarudi ndani mbio.

"Mama! Mama! Ticha amekuja!"

Aliyeitwa mama alikuwa Auma.

Auma alikaa nyumba ya mwisho kwenye mstari, pale karibu na bomba. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mnene kidogo, mwenye kucheka kwa sauti. Wanawe walikuwa watu wazima wa kujitegemea, na mchana alilea watoto wa akina mama wa ploti waliokwenda kazini. Waruguru aliletwa kwake kabla hajaweza kukaa. Njau, baba yake, alikuwa dereva wa lori la mawe ya kujengea, na mara nyingi alirudi mtoto ameshalala.

Naye Ngendo alikuwa ameingia chuo kikuu, kile kilicho karibu na Kahawa Wendani, kusomea shahada ya elimu ya watoto wadogo. Masomo yenyewe yalikuwa ya likizo. Shule zikifungwa, walimu kama yeye waligeuka wanafunzi, wakabeba mabegi na kwenda darasani. Kwa hivyo shule zikiwa wazi alikuwa na watoto wa watu, na zikifungwa alikuwa na vitabu. Alijiambia kwamba yote ni kwa ajili ya Waruguru. Akipata digrii atapata kazi nzuri, na akipata kazi nzuri mtoto atakula vizuri na kusoma vizuri.

Lakini mtoto alikuwa anakula tayari. Kwa Auma alikula omena, wale dagaa wa ziwani, na ugali wa mtama akamaliza sahani, halafu nyumbani kwao akasukuma chakula pembeni. Alirudi amesukwa nywele, akinuka mafuta ya mgando ya Auma. Ukimpa kitu alisema "erokamano", yaani asante, kama mtoto wa Kijaluo aliyezaliwa kando ya ziwa. Njau alicheka akaona ni jambo la kupendeza. Ngendo alimwosha mtoto kwa sabuni mara ya pili, akimsugua shingo hadi akalia.

"Unamwosha nini tena?" Njau aliuliza. "Si ameoga kwa Auma?"

"Ndio maana namwosha," Ngendo alijibu.

Muhula mmoja mhadhiri aliwaambia kila mmoja wao achague mtoto, amtazame akicheza, kisha aandike habari za ukuaji wake. Ngendo alimchagua wake wa kumzaa, akaona kazi itakuwa rahisi. Jumamosi alimwekea vifuniko vya chupa na vipande vya mbao sakafuni, akakaa kitandani na kalamu. Mtoto aliviangalia vile vitu, akamwangalia na yeye.

"Unaandika nini, Ticha?"

"Wewe cheza tu, mami."

"Naenda kwa mama."

Hatimaye ilimbidi Ngendo aende mwenyewe mpaka pale bombani, akamwuliza Auma mtoto wake anapenda kucheza mchezo gani.

Auma aliangua kicheko. "Ai, Ticha! Si wewe ndio unasomea watoto?"

Hakuwa na ubaya. Ulikuwa utani wa kawaida wa majirani, na papo hapo akaanza kumweleza jinsi Waruguru anavyoyapanga masufuria kama abiria na kuyaitisha nauli. Lakini Ngendo hakusikia nusu ya maneno hayo. Alirudi nyumbani masikio yakiwaka moto. Kazi aliiandika, akapata alama nzuri, na kila alama ilimwuma.

Tangu hapo alianza kutafuta makosa, na mwenye kutafuta hakosi. Televisheni ya Auma ilikuwa ikiwaka tangu asubuhi mpaka jioni. Watoto walipewa soda wakilia. Siku moja Ngendo alitoka shuleni mapema, akamkuta Waruguru amelala mapajani pa Auma nje ya mlango, mkono mmoja ndani ya blauzi ya mama huyo, kama anayenyonyeshwa. Televisheni ilikuwa ikipiga kelele ndani. Alimnyakua mtoto, mtoto akaamka kwa mayowe akimng'ang'ania Auma shingoni.

"Mwachilie!" Ngendo alifoka. "Huu si ulezi. Soda, TV kutwa nzima, unaniharibia mtoto!"

"Ticha, pole pole, ameshtuka."

"Usiniambie pole pole. Kama unataka mtoto, zaa wako!"

Majirani waliokuwa wakifua waliinua vichwa. Auma aliangalia mikono yake iliyobaki mitupu, akainuka, akaingiza beseni lake ndani na kufunga mlango.

Waruguru alipelekwa Ruiru mjini, kwenye nyumba ya kulelea watoto iliyochorwa twiga na simba ukutani, yenye vifaa vyote ambavyo Ngendo alikuwa amevisoma vitabuni. Walezi walikuwa watu wazuri, hawakumkosea. Hata hivyo mtoto aliacha kula. Akaanza tena kukojoa kitandani. Jioni alikaa kizingitini akiuangalia mlango wa Auma, na Auma akipita na ndoo aligeuza uso pembeni. Ngendo alikuwa ameshinda. Mtoto hakuwa na mama mwingine sasa, na bado Ngendo alipotaka kumpakata, mtoto alikakamaa kama kijiti.

Wakati huohuo ikafika zamu yake ya mazoezi ya kufundisha. Aliomba ruhusa shuleni kwake, akapangiwa chekechea moja ya Thika, upande wa Kiandutu, darasa lenye watoto wengi kupita mikeka. Miongoni mwao alikuwapo Eddie, aliyelia kila asubuhi mama yake alipogeuka kuondoka. Ngendo alijua la kufanya. Alimchukua, akampa kazi ya kugawa vikombe vya uji, akawa anatembea naye mkono kwa mkono. Baada ya wiki chache Eddie hakulia tena. Mhadhiri aliyekuja kumkagua alimsifu mbele ya walimu wote, akasema mtoto yule ameshikamana naye vizuri sana.

Siku hiyo hiyo mama yake Eddie alifika kumchukua. Jina lake Janice, mfanyakazi wa kiwandani, bado amevaa kofia ya wavu ya kazini. Alichuchumaa mlangoni akafungua mikono. Eddie akajificha nyuma ya sketi ya Ngendo.

"Twende, baba. Ni mimi."

"Sitaki. Nataka kukaa na huyu."

Ngendo aliinama kumbeba ampeleke, jambo alilolifanya kila siku bila kufikiri.

"Mwalimu," Janice alisema kwa sauti ya chini, "usimbebe mtoto wangu hivyo."

"Namleta tu kwako, mama Eddie."

"Najua. Lakini usimbebe."

Ngendo akamweka chini. Alikuwa ameuona ule uso. Midomo iliyobanwa, macho yanayomtazama mtu aliyekutendea wema nawe unataka kumpiga. Alitaka kumwambia kwamba hakumwibia kitu, kwamba mtoto alikuwa akilia na mtu alipaswa kumshika. Lakini maneno hayo hayo Auma angeweza kuyasema neno kwa neno.

Jumamosi alibisha mlango wa Auma. Hakubeba kitu, hata mkate. Auma alifungua, hakumkaribisha kuketi.

"Nimekuja kuomba msamaha."

"Mdomo wako ni mbaya, Ticha."

"Najua. Nilikuonea wivu. Anakupenda wewe kuliko mimi, na mimi ndio nilimzaa."

Auma alichukua leso iliyokuwa tayari imekunjwa, akaikunja tena.

"Unadhani wewe peke yako ndio una wivu?" alisema. "Alipougua kifua, ni mimi nilimkimbiza hospitali. Nesi akaniuliza, wewe ni nani yake? Nikakosa jibu. Ulipofika wewe, nikaambiwa nikae nje kwa benchi. Yule mtoto namlea mpaka jioni, halafu kila jioni unamchukua. Kila jioni! Na siku ile ulimchukua kabisa, hata hukuniacha nimuage."

Walilia wote wawili, lakini hawakukumbatiana. Auma alikuwa bado na hasira, na ilimchukua muda kukubali kumlea Waruguru tena. Alipokubali, Ngendo aliomba televisheni izimwe mpaka saa ya chakula. Auma akasema sawa, na siku nyingine ilizimwa, siku nyingine haikuzimwa. Mtoto alirudia kula. Ngendo naye aliacha kumwosha mara ya pili. Badala yake alimketisha jikoni akipika, akamwachia masufuria, akalipa nauli alipoitishwa. Polepole Waruguru akaanza kumwita mama, na kwa muda mrefu akawa na mama wawili bila kuona taabu yoyote.

Ngendo alihitimu. Sasa anasimamia sehemu ya chekechea katika shule moja Thika, na familia ilihamia huko ili awe karibu na kazi. Siku ya kuhama Waruguru alilia njia nzima kwenye lori la baba yake, na Ngendo hakumnyamazisha. Shuleni kwake ameweka desturi moja ambayo walimu wapya huona ajabu: mzazi akifika mlangoni, mwalimu hambebi mtoto. Anasogea pembeni na kungoja, hata kama mtoto anachelewa kwenda.

Waruguru yuko Gredi ya Pili. Kila Jumapili baada ya kanisa huomba simu ampigie Auma, wakacheka na kusimuliana mambo ya wiki, na mtoto humwambia yule mama siri ambazo nyumbani hazisemi. Ngendo humpa simu kwa moyo mmoja. Kisha huchukua nguo, akatoka nje kuanika, kwa sababu kile kicheko bado hawezi kukisikiliza mpaka mwisho.