Mwisho Ulioshonwa kwa Uzi wa Nta

Saa mbili asubuhi, soko la Kariokor limeshaamka na nyundo zake, lakini Kavutha Mbithi anashona vibaya. Ametia mshono kwenye mkanda wa akala ya kushoto, ndara ya tairi, akaufumua, akautia tena, na bado umekwenda upande. Simu iko juu ya benchi karibu na sindano. Kila anapoitupia jicho anaipangusa kioo kwa kidole gumba, halafu anairudisha pale pale.

"Wamesema wanamwingiza asubuhi," anasema. "Sasa asubuhi ya hospitali nani anajua ni saa ngapi?"

Anayengojewa si ndugu yake. Ni Mzee Sylvance Okoth, mstaafu wa reli anayeishi Makongeni, ambaye leo anafanyiwa upasuaji wa tumbo. Kwa miaka mingi ameazima riwaya kwa Kavutha, na kwa miaka hiyo yote wamebishana kuzihusu. Wiki hii mama huyu hana raha, kwa sababu anaamini amemkosea mzee huyo, na huenda asipate nafasi ya kulirekebisha kosa lake.

Kavutha, mwenye umri wa miaka 47, hutengeneza akala na viatu vya ngozi. Siku nzuri huuza jozi sita au saba. Msimu wa mvua anaweza kurudi nyumbani Umoja mikono mitupu. Chini ya benchi lake kuna sanduku la mbao lililojaa riwaya, nyingi zikiwa zimekunjika pembe, na nyingine zimepoteza majalada.

Zilianza kama karatasi za kufungia. Alikuwa akinunua makaratasi kwa kilo ili awafungie wateja viatu, na kabla ya kufunga alipitisha macho kidogo. Siku moja alimfungia mteja akala kwa ukurasa fulani, kisha akagundua kuwa ukurasa huo ndimo muuaji alimokiri kosa lake. Akatoka mbio, akamtafuta mteja yule soko zima hadi barabarani. Hakumwona tena.

"Usingizi ulinipaa," anasema, na kujaribu kucheka. "Nikaapa hakuna karatasi itatoka hapa kabla sijaisoma."

Wenzake sokoni wakaanza kuazima, kisha majirani wa Umoja. Hapo ndipo alipokutana na ugonjwa wa wasomaji wa riwaya za taharuki: wanarukia mwisho. Na mtu akishajua nani aliua, kitabu hutupwa nyuma ya kabati, na kukirudisha inakuwa hadithi nyingine.

Kavutha akaugeukia ujuzi wake. Kabla ya kuazimisha riwaya, anazikusanya kurasa za sura ya mwisho, anazitoboa pembeni na kuzishona kwa uzi wa nta, ule ule wa viatu. Msomaji akifika hapo hana budi kurudi sokoni, aketi kwenye kigoda, akatiwe uzi na amalizie papo hapo. Sheria ni moja tu: uzi haukatwi na mtu mwingine. Anayekata mwenyewe haazimi tena.

"Mathe ni mnoma huyu, mkali balaa," anasema Jacky, msusi wa Umoja ambaye ameacha saluni kuja kumpa Kavutha kampani ya kungoja. "Kuna siku niliacha kichwa cha mteja nusu nikakuja mbio anikatie. Nilikuwa nimefika pale msee anafungua mlango, alafu paap, uzi. Ungefanya aje?"

Kavutha ana maoni makali kuhusu riwaya hizo, na hata leo, akiwa roho mkononi, haachi kuyatoa. Riwaya nzuri ya taharuki, anasema, haimfichi msomaji kitu. Inamwonyesha yote, ila inamfanya aangalie upande mwingine.

"Ile inayomleta muuaji mwishoni, mtu ambaye hatujawahi hata kumsikia akikohoa, hiyo ni wizi. Mwandishi ametuibia siku zetu."

Lakini mapenzi yake makubwa yako kwa riwaya za kihistoria, na hapo ndipo wanapokosana na Mzee Sylvance. Mzee husema kusoma riwaya ya kihistoria ni kama kutazama mechi ya jana wakati matokeo unayo. Kavutha hakubali hata chembe. Anayo moja kuhusu wapagazi waliobebeshwa mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza, watu ambao jina la Kiingereza la kikosi chao ndilo lililozaa jina la soko hili. Ameisoma mara kadhaa, na kila mara humtoa jasho.

"Kwa taharuki, mimi na yule mhusika sote hatujui kinachokuja," anaeleza. "Kwa historia, mimi najua, yeye hajui. Kijana anamuaga mamake, anasema atarudi wakati wa mavuno. Na mimi hapa najua huko wanakopelekwa watu walikwisha kwa kuhara na njaa. Natamani kumvuta shati. Niambie, taharuki gani inapita hiyo?"

Riwaya iliyozua balaa la sasa, hata hivyo, ni ya taharuki. Inamhusu mjane anayepigiwa simu kila jioni kutoka nambari ya mumewe ambaye alishamzika. Mzee Sylvance aliiazima mwezi uliopita, akaisoma kwa pupa, akafika kwenye uzi. Kabla hajarudi sokoni, tumbo likamfura na akalazwa.

Wiki iliyopita binti yake, Whitney, alifika bandani kwa Kavutha na ujumbe. Baba yake anaingia upasuaji na anaomba ruhusa, kwa mara hii moja, aukate uzi mwenyewe.

"Nikamwambia, mwambie baba yako apone aje akatiwe hapa," Kavutha anasimulia. Anaokota sindano na kuiweka tena. "Nilidhani namtia moyo. Kwetu humwambii mgonjwa amalizie mambo yake. Unamwachia kitu cha kurudia."

Mambo hayakwenda alivyotarajia. Presha ya mzee ilipanda, upasuaji ukaahirishwa, akazidi kudhoofika na kukataa chakula. Kwenye simu, Whitney alimwambia kwamba kitabu kinalala kando ya mto wa kulalia na baba yake anaupapasa ule uzi kwa kidole, basi. Haukati.

"Huyo alikuwa mtu wa ishara za treni," anasema Kavutha. "Akiambiwa simama, anasimama mpaka aambiwe nenda. Mimi nilisahau naongea na nani."

Tangu hapo hana amani. Akimwacha mzee na uzi wake, huenda amemfunga mtu ambaye siku zake zimekwisha. Akienda kumkatia, ni kama anamwambia hatatoka kitandani. Alilizungusha jambo hilo kichwani siku kadhaa, akatoboa ngozi pasipostahili, akamkemea mwanawe Job kwa kosa asilolikumbuka. Jana adhuhuri alipiga moyo konde, akafunga banda na kwenda hospitalini.

Langoni askari alimpekua mkoba na kumnyang'anya kisu chake cha ngozi. Alipoulizwa ni cha kazi gani, alijibu ni cha kitabu. Askari akakitia kwenye droo.

Wodini alimkuta mzee amekonda, macho yamezama, lakini akili zake timamu.

"Mama Job," mzee alimuuliza kabla hajaketi, "daktari amekuambia kitu?"

"Hapana, mzee."

"Na Whitney?"

"Hakuna aliyenituma. Ni mimi nimeshindwa kukaa. Naogopa."

Mzee aligeukia dirishani, hata Kavutha akadhani amemuudhi. Kisha akakivuta kitabu na kumkabidhi.

"Hata mimi naogopa," alisema. "Kata basi, tusidanganyane."

Kisu hakikuwepo. Kavutha akaung'ata uzi kwa meno, kama afanyavyo bandani kazi ikimzidi, mshono mmoja baada ya mwingine, huku mgonjwa wa kitanda cha pili akikodoa macho. Alipomaliza, wauguzi walikuwa wanawatoa wageni. Mzee alikilaza kitabu kifuani. Hakukifungua.

"Nikatoka sijui kama atasoma au la," anasema Kavutha. "Kama hakusoma, basi nilienda kumtisha bure. Labda alisema tu nikate ili niende zangu."

Jacky anamwambia aache kujitesa, mzee ni mgumu kama chuma cha reli. Kavutha anaitikia kwa kichwa bila kusikia. Mteja anauliza bei ya akala, anajibiwa bei ya mkanda, anaondoka akishangaa.

Karibu saa sita simu inalia. Kavutha anaitazama ikilia. Ni Jacky anayeipokea na kumbandika sikioni.

Upasuaji umekwisha, anasema Whitney. Baba bado amelala. Madaktari wanasema wangoje mpaka jioni waone ataamkaje. Hawajaahidi lolote.

Kavutha anajikuta ameketi chini, kwenye vipande vya ngozi. Anataka kuuliza jambo jingine. Whitney anamtangulia.

"Auntie, alisoma," anasema. "Alisoma leo asubuhi, nesi anamsukuma avae gauni na yeye anasema ngojeni. Amekasirika sana. Anasema huo mwisho ni wa haraka haraka, ati yule wakili aliyekuwa akimpigia mjane hangeweza kuwa na simu ya marehemu. Nilitaka kukupigia saa hiyo hiyo, akanikataza. Amesema hayo atakuja kukuambia mwenyewe."

Kavutha anacheka na machozi yanamtoka pamoja, anayafuta kwa pindo la aproni yenye gundi. Wenzake wa mabanda ya jirani wamesimamisha nyundo. Halafu, polepole, uso wake unakunjamana, ule uso ambao wateja wake wa vitabu wanaujua vizuri.

"Wakili alipewa hiyo simu mochari, pamoja na nguo za marehemu," anasema. "Iko sura ya pili. Whitney, mwambie baba yako iko sura ya pili, aliipita mbio."

Anaibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Hapana, usimwambie," anasema. "Acha aamke kwanza. Nitakuja kumwambia mimi."