Mgongo wa Wifi Serafina

Serafina, dada wa marehemu mume wangu, alifungwa chuma mgongoni mwaka 1966, akiwa na miaka kumi na minne. Mgongo wake ulikuwa unapinda kuelekea upande mmoja. Madaktari wa Nairobi waliunyoosha, wakaiunganisha mifupa ili isipinde tena. Hapa Shinyanga tulisema amekwenda shule. Nyumba ilikuwa na mabinti wengine wa kuozwa, na neno kibyongo likishaingia katika ukoo halitoki. Nao haukuwa ugonjwa wa ukoo: kabla yake hakuna aliyeupata, na baada yake hakuna.

Aliolewa Songwa, huku huku mkoani Shinyanga, na Thobias, fundi mitambo wa mgodini. Thobias aliambiwa. Mama yake, Bernadina, hakuambiwa. Kwetu Usukumani mwanamke akimsalimia mkwe hupiga magoti na kuinamisha mwili. Serafina alipiga magoti, lakini mgongo ulibaki wima.

"Huyu msomi wa Nairobi," Bernadina aliwaambia majirani, "ananisalimia kama askari wa gwaride. Bado bunduki tu."

Serafina aliendelea kuitunza siri yetu.

Kufikia 1982 mwili wake ulianza kuelemea mbele. Daktari wa Mwanza alieleza baadaye kwamba kile chuma kilikuwa kimeondoa mbonyeo wa asili wa kiuno, na mifupa ya chini iliyoachwa huru ilikuwa imechoka. Ili asimame bila kuanguka kifudifudi, ilimbidi akunje magoti kidogo. Akitembea, maumivu yalishuka hadi mapajani. Kwa Bernadina hayo yalikuwa mabadiliko mema.

"Mwangaluka, mayu," Serafina alimwamkia mama mkwe wake asubuhi, ameinama mlangoni.

"Mwangaluka, mwanangu. Kumbe watu hukua! Mwoneni mke wa Thobias, siku hizi hata kuku anawainamia."

Mwanzoni mwa 1984, mpaka wa Kenya ukiwa umefunguliwa tena, daktari yule alimwambia kuwa Nairobi wangeweza kumpasua tena, waukate mfupa ulioungana na kuuweka upya. Asipopasuliwa, ataendelea kuinama. Akipasuliwa, huenda miguu ikapooza. Hakumficha.

Serafina alikuja kwangu, mtaa wa Kambarage mjini Shinyanga, akala michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, kwa karanga akiwa ameegemea ukuta.

"Ukienda, tutasema umekwenda kusomea ualimu," nilimwambia.

"Wifi, nina watoto wanne. Nitakaa dawati la ngapi?" Akacheka, kisha akashika kiuno. "Na miguu ikifa huko, mtasema nimefeli mtihani?"

Nilitoa vyombo mezani. Jumapili iliyofuata tulikwenda pamoja Songwa, na mbele ya Thobias Serafina akamweleza mama mkwe wake yote. Bernadina alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo miaka ile hukuwa na maringo."

"Sikuwa nayo, mayu."

"Na huku kuinama kwa sasa si adabu."

"Adabu ninayo. Kuinama ndiko kunakoniua."

"Ukinyooka watasema maringo yamerudi."

"Waseme. Nataka nimwone usoni mtu ninayezungumza naye. Sasa hivi naiona kanga yako tu."

Bernadina alivuta kigoda, akaketi chini kabisa, mahali ambapo macho ya Serafina yaliweza kumfikia. Wakatazamana.

"Na miguu ikikataa, nani atakubeba?"

"Mimi," alisema Thobias.

"Wewe nyamaza. Ulijua miaka yote hiyo." Akamgeukia tena mkwewe. "Nenda. Watoto nitakaa nao mimi."

Alikwenda mwezi wa Machi. Kabla ya dawa ya usingizi daktari alimwuliza kwa mara ya mwisho kama ameelewa habari ya miguu. Alijibu kwamba ameelewa, akawaomba waanze.

Alirudi Songwa kwa magongo, mwili umenyooka, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo. Magongo aliyaacha mwaka uliofuata. Mguu unaburuta mpaka leo, na maumivu ya kiuno yamepungua, hayakuisha. Nilipomwuliza kama angekubali tena, alisema angekubali.